Banda Lisilo na Msingi kwa Bustani ya Jeevanjee

Saa saba mchana Bustani ya Jeevanjee, katikati ya Nairobi, hujaa pomoni. Makarani wa maofisini huja na chakula chao mkononi, mhubiri husimama kando ya njia na Biblia yake, wanafunzi wa vyuo vilivyo orofani hapo jirani hujitupa nyasini, na mtu aliyezunguka mji tangu alfajiri akitafuta kibarua hulala chali, kofia usoni. Chini ya miti kuna duara la watu wanaosikilizana na kukatizana: bei ya unga, kodi, nani kasema nini jana. Hilo ndilo Bunge la Mwananchi, ambalo tangu miaka ya 1990 limekuwa likikutana katika bustani hii bila posho na bila mlango wa kumzuia yeyote.

Kisha jua huzama. Nairobi iko karibu na ikweta, hivyo machweo hayasogei sana mwaka mzima: huanzia saa kumi na mbili na robo hivi na hayafiki saa moja. Dakika ishirini baadaye giza limekwisha kushika. Mji unaoizunguka bustani ndio kwanza unachangamka. Matatu zinapiga honi Moi Avenue, maduka ya simu yanawaka kila rangi, wachuuzi wanatandaza bidhaa upande wa Muindi Mbingu. Zile ekari tano za katikati zinageuka kuwa mahali pa kukwepwa. Anayetoka kazini upande mmoja kwenda kupanda gari upande wa pili huona heri kurefusha njia kuliko kukata katikati ya miti, hasa akiwa mwanamke.

Nataka kupendekeza jambo moja kwa bustani hii, na nitalieleza kwa kina kiasi kwamba fundi akilisoma ataweza kuanza kupiga hesabu. Tujenge humo banda la nuru la muda, la wiki nne tu, kati ya Januari na Februari mvua za vuli zikiwa zimekwisha na masika hayajaanza. Taa zake ziitikie sauti za watu walioketi chini yake. Likishatimiza wiki zake, livunjwe lote, lisibaki hata shimo.

Hilo la kuvunjwa ndilo nililo na hakika nalo kuliko yote, na sababu yake imo katika historia ya mahali penyewe.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856 na kufanya utajiri wake Afrika Mashariki, kwa sehemu kubwa kupitia kandarasi za reli ya Uganda. Mwaka 1902 alianzisha Mombasa gazeti la African Standard, ambalo leo twalijua kama The Standard. Mwaka 1910 akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria la serikali ya kikoloni. Katikati ya matukio hayo mawili, mwaka 1906, aliukabidhi mji bustani hii, ikiwa na sanamu ya Malkia Victoria iliyozinduliwa na mwana wa malkia huyo, Duke wa Connaught. Sanamu hiyo ilikaa hapo zaidi ya karne moja, hadi mwaka 2015 watu wasiojulikana walipoiharibu. Kwangu mimi, zawadi yenye maana ilikuwa ile nyasi. Mtu aliyeanzisha gazeti aliacha pia uwanja ambao maskini wa mji wangeweza kuketi na kuzungumza bila kulipa kiingilio.

Mwaka 1991 kulizuka mpango wa kuigeuza bustani kuwa maegesho ya magari ya ghorofa pamoja na maduka. Mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, aliongoza upinzani. Wangari Maathai, ambaye miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amepambana na jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa Uhuru Park, akaungana naye. Mpango ukafa. Mwaka 2007 mpango mwingine wa kuijenga bustani ukafufuka, wananchi wakapiga kelele tena, nao ukafa. Kwa hiyo mtu yeyote anayefika Jeevanjee na mchoro wa jengo mkononi hutazamwa kwa jicho la shaka, na wanaomtazama hivyo wana haki. Wamewahi kuona michoro mizuri. Wanajua kwamba mfuko wa kwanza wa saruji huita wa pili, na kwamba kibanda cha "maonyesho" kinaweza kuota paa la bati, kisha mlango, kisha kufuli.

Banda lisilo na msingi ni ahadi inayoonekana kwa macho. Mpita njia anaweza kuinama, akatazama nguzo inapogusa ardhi, akajionea mwenyewe kwamba hakuna kilichochimbwa. Hakuna tangazo la kaunti litakaloaminika kuliko hilo.

Mabanda ya muda si jambo geni duniani. Huko Kensington Gardens, London, jumba la sanaa la Serpentine limekuwa likimwalika mbunifu kujenga banda la kiangazi tangu mwaka 2000, Zaha Hadid alipojenga la kwanza. Mwaka 2017 zamu ilimfikia Diébédo Francis Kéré wa Burkina Faso. Alirudi kwenye mti wa kijijini kwao Gando, mahali watu wanapokutania, akajenga paa pana la mbao lililofunguka katikati ili mvua ishuke humo kwa wote kuiona, na kuta za rangi ya buluu ya nili. Miaka mitano baadaye akawa Mwafrika wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Pritzker. Nimemtaja kwa sababu ya lile paa na yale mazungumzo chini yake, maana Kensington Gardens yenyewe haijawahi kukosa wa kuitunza.

Mfano ulio karibu zaidi na hitaji letu uko Mexico. Tarehe 2 Oktoba 1968, siku kumi kabla ya Michezo ya Olimpiki kufunguliwa katika Jiji la Mexico, askari wa serikali waliwafyatulia risasi wanafunzi waliokuwa wamekusanyika katika uwanja wa Tlatelolco. Miaka 40 baadaye, mwaka 2008, msanii Rafael Lozano-Hemmer aliweka pembe ya kupazia sauti mahali palepale. Yeyote aliweza kusogea na kusema alitakalo. Sauti yake iliendesha taa kubwa ya kumulika angani yenye nguvu ya kilowati 10: akinyamaza inazimika, akipaza sauti inang'aa. Mwali huo uligonga kilele cha jengo lililokuwa zamani wizara ya mambo ya nje, na kutoka hapo taa nyingine tatu zikausambaza juu ya mji, huku maneno yenyewe yakirushwa hewani na redio ya chuo kikuu, UNAM. Mtu wa mbali aliyeona mwanga ukipepesa alifungua redio akajua ni nani anazungumza, na anasema nini. Hakukuwa na mchujo wala mwongozaji. Manusura walisema waliyoyaona, wengine walisoma mashairi, wengine walitoa posa. Kazi hiyo iliitwa Voz Alta.

Mwaka huohuo msanii huyo aliweka taa 200 kuuzunguka uwanja wa nyasi wa Madison Square Park, New York. Mgeni alishika vipini viwili vya chuma, vihisi vikayasoma mapigo ya moyo wake, na taa zikaanza kudunda kwa mapigo hayo. Kazi hiyo, Pulse Park, ni nzuri, lakini kwa Jeevanjee naiona ina upweke: kila mtu huja na moyo wake, akautazama, akaondoka. Afadhali zile bembea 21 zilizotundikwa mjini Montreal mwaka 2011 na kikundi cha Daily tous les jours. Kila bembea ilitoa noti yake ya muziki, lakini baadhi ya sauti zilisikika pale tu watu walipobembea kwa pamoja. Wageni wasiojuana walijikuta wakitafutana mwendo, na usiku sehemu ya chini ya kila bembea iliwaka.

Sisi tuchukue sauti ya Tlatelolco na ushirikiano wa Montreal, tuvilete chini ya miti ya Jeevanjee. Kinachotakiwa kuitikiwa na nuru tayari kiko pale kila mchana. Ni mazungumzo.

Sasa banda lenyewe. Nalifikiria kama mduara wenye upana wa mita kumi, ukiwa na uwazi wa mita tano katikati, hivyo kwamba paa linabaki kama pete. Walioketi ndani wanatazamana, na anayesimama nje anawaona wote bila kuingia. Hakuna mbele wala nyuma, hakuna jukwaa, hakuna kiti cha mgeni rasmi. Mzungumzaji anasimama palepale alipokuwa ameketi.

Mifupa yake iwe mabomba ya chuma yale wanayopandia wajenzi wa maghorofa. Hayo hukodishwa mjini kote, mafundi wanajua kuyafunga na kuyafungua, na yakirudishwa yatapelekwa kwenye jengo jingine bila kupoteza kitu. Viungo vichache vya pekee, hasa vile vya kukunja mduara, vichomelewe Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, ambao wakipewa kipimo cha kadibodi watarudisha chuma kinachoingia sawasawa. Paa nalo liwe karatasi ya plastiki nzito wanayofunikia nyumba za maua kule Naivasha, ile yenye weupe wa maziwa. Huzuia mvua ya ghafla, na mwanga ukiigusa kwa ndani hutawanyika ukawa laini, usimchome mtu machoni. Iliyokwisha kutumika shambani itafaa, ikioshwa.

Tatizo la paa jepesi lisilochimbiwa ni upepo. Upepo wa mita 15 kwa sekunde, ambao si dhoruba, husukuma kwa nguvu inayokaribia kilo 14 kwa kila mita ya mraba. Pete yetu ina mita za mraba 59, basi tunazungumzia kilo 800 hivi za kutaka kuling'oa na kuliondoa. Jibu langu ni mitungi ya manjano ya lita 20, ile inayochotewa maji mitaani kote. Kila mmoja ukijaa una uzito wa kilo 20. Mitungi 80 ikipangwa miguuni mwa nguzo na kufungwa kwenye mabomba inatoa kilo 1,600, yaani maradufu ya nguvu ile. Mhandisi aliyesajiliwa lazima azihakiki hesabu hizi na kutia saini, maana watu watakuwa chini ya paa hilo. Lakini kanuni inabaki: uzito tunaouhitaji unatoka bombani, na siku ya kuvunja unamwagiliwa miti. Lita 1,600 katikati ya kiangazi cha Februari si haba.

Mitungi ileile iwekewe taa ndogo nyuma yake. Plastiki ya manjano hupitisha mwanga vizuri sana, na pete ya chini inayowaka manjano itamwonyesha mtu pa kukanyaga.

Taa za juu ziwe 240, za LED, wati tatu kila moja, zimegawanywa katika makundi manane ya taa 30. Zikiwaka zote kwa nguvu zote zinakula wati 720, chini ya nusu ya birika la umeme la kuchemshia chai. Umeme uwe wa voti 12 peke yake, ili mtoto akishika waya uliochubuka asidhurike. Kila kundi litavuta ampea saba na nusu, kwa hiyo waya uwe mnene wa kutosha na kila kundi liwe na fyuzi yake. Tukiwasha kuanzia saa kumi na mbili unusu hadi saa nne usiku, matumizi ya taa hizo hayawezi kuzidi uniti mbili na nusu hivi kwa usiku mmoja. Betri mbili za ampea-saa 200 zinabeba mzigo huo na akiba inabaki, na paneli mbili za sola za wati 400 juu ya kibanda cha mlinzi zinazijaza mchana. Stima ikipotea mji mzima, bustani itaendelea kuwaka. Vifaa vyote hivi vinapatikana Luthuli Avenue, mwendo wa dakika chache kutoka hapo kwa miguu, na jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana: kitu kikiharibika Ijumaa jioni, kipuri kinanunuliwa kabla ya duka kufungwa. Kazi nyingi za namna hii hufa wiki ya pili kwa kusubiri kifaa kitoke ng'ambo.

Katika kila kundi kuwe na maikrofoni moja ndogo na kompyuta yenye ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Kazi yake ni kupima ukubwa wa sauti mara kumi kwa sekunde na kuamua taa zake ziwake kiasi gani. Mtu akizungumza upande wa mashariki, paa la juu yake linajaa mwanga. Akijibiwa kutoka magharibi, mwanga unasafiri juu ya vichwa vya watu kumfuata anayejibu. Yote hayo lazima yatokee papo hapo. Taa ikichelewa hata nusu sekunde, mzungumzaji hataamini kwamba ni yeye aliyeiwasha, na mchezo umekwisha. Mgeni asihitaji kusoma bango lolote. Akohoe tu, aone, aelewe.

Hapa ndipo ubunifu unapokuwa mgumu, na ndipo nilipoufikiria zaidi. Tukiacha taa zimfuate mwenye sauti kubwa, tutakuwa tumejenga mashine ya kuwatuza wapayukaji. Mhubiri mwenye spika atalitawala banda zima kuanzia saa moja, na wasichana wawili wanaonong'onezana hawatapata hata cheche. Kwa hiyo mashine ipangwe kwa desturi nyingine. Kila maikrofoni kwanza ijifunze kelele za kawaida za mahali ilipo, zile honi na injini za Moi Avenue, iziondoe, kisha ipime kinachozidi hapo. Sauti ndogo iliyo karibu ihesabiwe sawa na kubwa iliyo mbali. Baada ya hapo kuwe na sharti: kundi moja likiongea mfululizo kwa dakika kadhaa bila mwingine kuingia, nuru yake ianze kufifia polepole. Wote wakipiga kelele kwa pamoja, paa lote libaki na mwanga mdogo wa kuonana tu. Lakini mmoja akisema, wakamwachia, akajibu mwingine, na wa tatu akaingia, basi mwanga uzidi kupanuka hadi makundi yote manane yawake. Yaani banda linafikia ung'avu wake pale watu wanapopokezana zamu.

Najua wapo watakaosema kwamba hiyo ni kuwafundisha watu wazima adabu kwa taa. Silioni hivyo. Duara la chini ya miti tayari lina desturi hiyo. Ukimkatiza mtu mara tatu unaambiwa. Taa zinaifanya desturi hiyo ionekane na mpita njia aliye ng'ambo ya barabara, na pengine zimvute avuke.

Asiyesikia au asiyesema asiachwe nje. Mabenchi yawe na vihisi vya uzito na sehemu za kugusa, ili mkono ukiwekwa juu yake uhesabiwe kama sauti. Wanaozungumza kwa lugha ya alama wanahitaji mwanga usoni na mikononi wakati wote, hivyo ule mwanga mdogo wa kuonana usizimike kabla ya saa ya kufunga. Taa zisipepese kwa kasi ya zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kwa sababu mwanga unaopepesa haraka unaweza kumwangusha mwenye kifafa. Mabadiliko yote yaanze papo hapo, lakini yawe ya kupanda na kushuka taratibu.

Na jambo hili liandikwe kwa herufi kubwa kwenye kila nguzo: mashine hazirekodi. Zinapima ukubwa wa sauti, basi. Hazihifadhi neno, hazina kamera, hazijaunganishwa na intaneti. Katika bustani ambayo watu wanakuja kuisema serikali, hilo ndilo swali la kwanza litakaloulizwa, na mtu ana haki ya kujibiwa kwa kuonyeshwa. Kisanduku kimoja kiachwe kwenye kifuniko cha kioo, na fundi awepo kila jioni kumweleza anayetaka kujua waya upi unakwenda wapi. Matokeo ya kupima huisha pale taa inapobadilika.

Kuhusu mwanga wenyewe nina msimamo mkali. Miaka ya karibuni dawa ya giza Nairobi imekuwa zile nguzo ndefu za mulika mwizi, zinazomwaga mwanga mweupe kutoka juu kabisa. Zimewasaidia watu wengi mitaani na sizibezi. Lakini mwanga unaotoka juu sana unamwachia mtu vivuli vizito chini ya nyusi, na ukikutana naye hujui kama anatabasamu au amekunja uso. Halafu jicho lililozoea mwanga mkali huhitaji dakika ishirini au zaidi kulizoea giza, kwa hiyo anayetoka chini ya nguzo ile na kuingia kichochoroni anaona kidogo kuliko mwenzake aliyekuja gizani tangu mwanzo. Usalama wa mtu aliye bustanini unategemea kuuona uso wa anayemjia na kuonwa na wengine. Kwa kazi hiyo mwanga wa kimo cha bega, wenye rangi ya joto inayokaribia ya kibatari, unatosha hata ukiwa kidogo. Njia mbili zinazoikata bustani ziwekewe taa ndogo za aina hiyo kuanzia lango hadi lango, ili banda lisiwe kisiwa kinachong'aa huku pande zote kukiwa na weusi mzito zaidi ya awali.

Angani pasipelekwe mwali wowote. Uwanja wa ndege wa Wilson uko kilomita chache tu, na miti ya Jeevanjee ina ndege wanaolala. Ndege hawana mtu wa kuwasemea katika mkutano wa mipango. Kwa ajili yao paa lizuie mwanga usipande, rangi ibaki ya joto ambayo wadudu hawaifuati sana kama nyeupe au buluu, na ifikapo saa nne usiku kila kitu kizimwe. Hakuna waya utakaofungwa kwenye tawi, wala msumari kugongwa kwenye gome.

Je, nani atasema ndiyo? Kaunti itatoa kibali, zima moto watakagua, mhandisi atatia saini. Hao wana ofisi na wanajulikana waliko. Wa kwanza kuulizwa, hata hivyo, wawe walio bustanini kila siku: wajadili wa chini ya miti, wahubiri, wapiga viatu rangi, wapiga picha, walinzi, wale wanaolala nyasini. Jambo hilo limewahi kufanyika hapohapo kwa njia nyingine. Shirika la UN-Habitat, lenye makao makuu Gigiri, kupitia mradi wake wa Block by Block uliozinduliwa mwaka 2012 pamoja na watengenezaji wa mchezo wa kompyuta wa Minecraft, liliwaketisha watumiaji wa Jeevanjee, vijana kwa wazee, wakaichora upya bustani yao kwenye skrini kwa matofali ya mchezo. Banda la nuru linahitaji kitu rahisi kuliko hicho. Kamba ya mita 31 itandazwe nyasini kwa umbo la mduara mchana mmoja, watu wakaribishwe kuketi ndani yake, na waulizwe: hapa panafaa, au tusogeze? Wajadili wakisema mduara umewaziba njia au umekaribia mno choo, usogezwe kabla bomba la kwanza halijakodishwa.

Askari wa kaunti, wale ambao mjini bado wanaitwa kanjo, wapewe maelekezo yao mapema na kwa maandishi. Mchuuzi wa njugu akija na kikapu chake jioni, aachwe auze. Bustani ya usiku bila mtu wa kuuza kahawa na njugu itajaa watu wa kupiga picha za simu kwa siku tatu, kisha itarudi ilivyokuwa. Yule muuza kahawa ndiye atakayekuwepo mvua ikinyesha na wageni wakiwa wamekimbia. Usalama wa banda utalindwa naye kama vile utakavyolindwa na mwenye sare.

Mwisho wa wiki nne, mabomba yarudi yalikokodishwa, karatasi ya paa irudi shambani au igawiwe, taa zile ndogo za njiani zikabidhiwe kaunti ziendelee kuwaka. Na kabla banda halijajengwa, pamoja na wakati likiwepo na mwezi mmoja baada ya kuondolewa, mtu aketi kila jioni penye lango akiwa na daftari, aandike: wamepita wangapi katikati ya bustani kati ya saa moja na saa tatu, wanawake wangapi, wangapi wameketi zaidi ya robo saa. Daftari hilo lichapishwe lote, hata likitoa aibu. Kama nambari za mwezi wa mwisho zitakuwa sawa na za kabla ya banda kujengwa, banda lisirudishwe mwaka unaofuata, na fedha zake zipelekwe kwenye vyoo na mabenchi.